Gramu ya nini? Nilivyopima ustahimilivu wa kunde bila kudanganywa na maji

Kwa misimu miwili nililinganisha aina mbili za kunde, nikitaka kujua ni ipi inayostahimili ukame vizuri zaidi na kama ukame huo unabadilisha ubora wa mbegu kama chakula. Kipimo nilichokitegemea kuliko vyote kilikuwa prolini, asidi amino ambayo mimea mingi huikusanya inapokosa maji. Mmea huitengeneza kutokana na glutamati kwa msaada wa vimeng'enya, nayo huisaidia seli kushikilia maji na kukinga protini zake zisiharibike. Nilianza basi na dhana nyepesi kwamba aina yenye prolini nyingi ndiyo stahimilivu, na sikuihoji hata mara moja.

Njia niliyotumia ni ile ya Bates na wenzake ya mwaka 1973, ambayo mpaka leo inatumika katika maabara nyingi. Nusu gramu ya jani husagwa ndani ya mililita 10 za asidi ya sulfosalisili ya asilimia 3, ikachujwa, kisha sehemu ya maji yale ikachanganywa na ninhidrini, kemikali inayotoa rangi nyekundu ikikutana na prolini, pamoja na asidi asetiki, ikachemshwa kwa nyuzi 100 kwa muda wa saa moja na kupozwa ghafla kwenye barafu. Hapo huongezwa tolueni, ambayo huelea juu ikiwa imebeba rangi nyekundu, na rangi hiyo husomwa kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima ukolezi wa rangi, kwa mawimbi ya nanomita 520. Ni kazi inayotaka utulivu na chumba chenye mashine ya kuvuta hewa, kwa kuwa mvuke wa tolueni haufai kuvutwa.

Siku ya 10 baada ya kusitisha umwagiliaji, mirija ya aina ya pili ilitoa wekundu uliokolea, ilhali ile ya aina ya kwanza ilikuwa na waridi hafifu tu. Niliandika kwenye daftari kwamba aina ya pili ndiyo stahimilivu. Ukurasa wa nyuma yake, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika asubuhi ileile kwamba majani ya aina ya pili yalikuwa yamelegea kabla jua halijapanda, na ya aina ya kwanza yalikuwa bado yamekakamaa. Sikuona kwamba kurasa hizo mbili zinapingana.

Aliyeona ni mama mmoja, fundi wa maabara wa siku nyingi, ambaye alisoma jedwali langu akaweka kidole juu ya safu ya prolini.

"Mwanangu, hii ni kwa gramu ya nini?"

"Ya jani bichi, Mama."

"Na jani lililonyauka, gramu yake ina nini ndani?"

Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Jani lenye asilimia 85 ya maji lina gramu 0.15 tu za jani kavu katika kila gramu moja. Likinyauka mpaka maji yakafika asilimia 75, gramu ileile moja sasa ina gramu 0.25 za jani kavu. Kila kilichomo ndani yake, iwe prolini, sukari au protini, kitaonekana kimeongezeka kwa theluthi mbili, na mmea haujatengeneza hata molekuli moja mpya. Sehemu ya wekundu niliokuwa nikiufurahia ilikuwa ni maji yaliyotoweka.

Kuanzia hapo nilibadili utaratibu. Jani la kunde lina vijani vitatu, yaani majani madogo, kwenye kikonyo kimoja, na umbo hilo lilinifaa sana: kijani cha upande mmoja kilikwenda kwenye prolini, na cha upande wa pili kilipimwa maji. Hicho cha pili nilikipima uzito papo hapo, nikakiacha kielee kwenye maji safi kwa saa nne ndani ya mwanga hafifu mpaka kikajaa, nikakipima tena, kisha nikakikausha kwenye oveni mpaka uzito wake ukaacha kushuka. Uzito wa kwanza ukiondolewa uzito mkavu, ukagawanywa kwa tofauti kati ya uzito wa jani lililojaa na uzito mkavu, hutoa kiwango cha maji cha jani hilo kikilinganishwa na kile ambacho lingeweza kubeba. Sampuli zote nilizichukua saa ileile ya siku, kwa sababu hali ya maji ya jani la asubuhi na la mchana si moja.

Nilipohesabu upya kwa gramu kavu, pengo kati ya aina mbili lilipungua sana, ingawa halikufutika. Aina ya pili ilikuwa kweli inatengeneza prolini zaidi, lakini ilikuwa pia imepoteza maji zaidi. Aina ya kwanza ilifunga vitundu vya majani yake mapema, tabia inayojulikana kwa kunde, ikabaki na maji, na kwa hiyo haikuwa na sababu kubwa ya kukusanya prolini. Nilichokiita ustahimilivu kilikuwa kilio cha kiu. Tangu siku hiyo nalinganisha prolini za mimea iliyofikia kiwango kimoja cha maji, si iliyofikia siku moja.

Kwenye mbegu mtego uleule ulinisubiri. Zinki kwa kilo ya mbegu ilikuwa juu zaidi katika mimea iliyopata ukame, na mtu mwenye haraka angesema ukame unaboresha lishe. Mbegu zile zilikuwa ndogo na chache. Nilipozidisha kwa uzito wa mavuno ya kila mmea, jumla ya zinki ilikuwa imeshuka. Hata hiyo zinki kwa kilo haisemi yote, kwa kuwa fitati, ambayo ni ghala la fosforasi la mbegu, huishika zinki isifyonzwe vizuri mwilini. Ilinibidi nigawanye fitati kwa 660 na zinki kwa 65.4 ili nipate uwiano wa moli, yaani ni molekuli ngapi za fitati kwa kila atomu ya zinki, kwani uwiano unaozidi 15 huhesabiwa kuwa dalili ya ufyonzwaji hafifu.

Jedwali langu la msimu wa pili lina safu tatu za zinki: kwa kilo ya mbegu, kwa mmea mzima, na uwiano wake na fitati. Mama yule alilisoma lote, akanirudishia bila kuweka kidole popote.