Wakakosa spika nzima?

Leo ni siku ya nne na maneno ya dada hayajanitoka. Nikikunja shuka kazini nayasikia, nikipanda treni alfajiri nayasikia. Nimeona niyaandike, huenda yatatulia.

Jumapili nilimpigia kama kawaida yetu, huku asubuhi, Magomeni jioni. Nyuma yangu spika ilikuwa ikimpiga Little Walter, yule mpuliza kinanda cha mdomo wa bluzi za hapa Chicago, ile "Juke" ya mwaka 1952, wala si kwa sauti kubwa. Hata salamu hatujamaliza, dada akanikatiza:

"Wewe, hiyo spika yako imepasuka?"

"Hapana dada, ndivyo walivyorekodi."

"Mh! Marekani yote hiyo, wakakosa spika nzima?"

Nikacheka, nikapunguza sauti, tukahamia kwenye paa la mama. Kinachoniuma ni hapo hapo: nilipunguza sauti. Aliyenilea ananiuliza kuhusu kitu kinachonishika roho kuliko vyote katika mji huu, nami nakifunika kama mtu aliyefumaniwa.

Ningemwambia hivi. Dada, ile sauti hawakuikosea. Walter alikishika kinanda cha mdomo pamoja na kipaza sauti, akavifumbata viganjani kama mtu anayekinga maji ya bomba, kisha akapuliza. Pumzi yote ikaingia humo, haina pa kutokea. Amplifaya ikabebeshwa mzigo uliozidi nguvu zake, na amplifaya ikizidiwa hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, ndipo mlio unachanika na kunenepa. Kijitu cha kutia mfukoni kikatoka na sauti pana kama saksafoni, yenye ukwaru pembeni. Ule ukwaru ndio wenyewe.

Ningemweleza na habari za Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gita wa bluzi, maana dada anapenda habari za watu. Alitoka shamba la pamba Mississippi mwaka 1943, akapanda treni kuja Chicago. Kule gita la mbao lilitosha, watu wamekaa barazani, usiku umetulia. Huku alikuta baa zimejaa watu waliotoka zamu viwandani, glasi zinagongana, kila mmoja anapaza sauti ili jirani yake amsikie. Gita la mbao hapo halifiki hata meza ya pili. Akashika la umeme. Nami nampenda kwa hili: hakuuacha uchezaji wa kwao. Ni ule ule mtelezo wa kidole chenye kichuma juu ya nyuzi, ila sasa kila mtelezo unakwenda mpaka kwenye mfupa. Sikilizeni "I Can't Be Satisfied" ya mwaka 1948. Ni gita, besi na mtu anayeimba, basi, na chumba kimejaa.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnakumbuka mwaka wangu wa kwanza hapa, jinsi nilivyokuwa nikisema jambo mara tatu ndipo linasikika. Sikuwahi kuandika kwamba bluzi hizi ndizo zilizonivusha ile baridi. Nilisikia mtu aliyefunikwa na mji, akaupata mlio wa kuupenya, na mlio huo haukuwa laini.

Leo asubuhi nimeapishwa uraia, jirani wakaja, pilau likaliwa likaisha. Wageni walipoondoka nikabaki na sufuria, nalisugua ukoko kwa kijiko, krr, krr, na hapo ndipo mchiriku, ule muziki wa mitaani kwetu Dar, ukanijia.

Mchiriku! Dada huyu huyu! Miaka ya tisini alikuwa akitoroka usiku kwenda kuusikiliza, nami nyuma nimeshika pindo la khanga yake kwa kuwa hakutaka nibaki nikamsemee. Kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na zile spika za pembe zilizokwisha umri wake, sauti inakwaruza mpaka meno yanawasha. Tulirudi miguu imejaa vumbi, mama yuko mlangoni na fimbo.

Nimeacha kuandika hapo juu, nikampigia. Saa tano usiku huku, kwao saa moja asubuhi.

"Kuna nini? Mama?"

"Mama mzima. Dada, unaikumbuka mchiriku?"

Akanyamaza. Kisha akaanza kucheka kile kicheko chake cha kukosa pumzi.

"Weee! Zile spika si zilikuwa mbovu kuliko yako!"

"Na wangeleta nzima?"

"Thubutu! Isingenoga."

Kasema mwenyewe. Isingenoga. Siku nne nahangaika kutafuta neno, kumbe analo yeye.

"Haya mdogo wangu, mweke huyo mtu wako," akasema. "Na usipunguze."

Nikaisogeza simu kwenye spika. Dakika tatu kasoro, hakusema kitu. Lakini katikati nikasikia ti, ti, ti ndogo, haikutoka kwangu. Ilikuwa pete yake, anagonga kikombe cha chai, na alikuwa anaenda sawasawa na ngoma. Sikumuuliza kama ameipenda.

Ni karibu saa saba na bado niko macho. Mtoto wa kati amerudi na barua ya mwalimu, kwamba kila kipindi anasogea mbele mpaka anakaribia kuugusa ubao. Nyumbani hajasema lolote. Daktari wa macho ni Jumatatu, na bima mpya ya kazini haianzi mpaka mwezi ujao.