Tumalizane Kindugu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii usingizi umenikimbia, na si kwa baridi ya Mbeya. Siku kumi zilizopita, pale Mwanjelwa, mvua inanyesha na vioo vimejaa ukungu, nilirudi nyuma nikagonga gari la mzee mmoja tunayesali naye. Taa ya nyuma ikapasuka, bampa likachomoka upande. Hakuna aliyeumia. Mzee akatoa simu aite trafiki. Nikamwahi mkono: "Mzee wangu, sisi tunakaa benchi moja kanisani. Tumalizane kindugu." Akakubali.

Jumanne akanitumia hesabu ya fundi: 380,000. Ndani yake, kunyoosha na kupiga rangi mlango wa buti. Buti sikuligusa! Nikawaka. Shetani naye hakukawia: hakuna ripoti ya polisi, hakuna picha, atakupeleka wapi? Nikaanza kuandika ujumbe wa kukana vyote, hadi taa.

Ndipo Mathayo 5:25 ikanishika: "Patana na mshitaki wako upesi, wakati uwapo pamoja naye njiani." Na sisi tulikuwa njiani kweli, juu ya lami. Je, nilipatana naye? Nilimziba mdomo tu. Bima yangu ndogo ilikuwa imekwisha wiki mbili kabla, bima ambayo sheria inanidai niwe nayo, na ndiyo ingemtengenezea mzee gari lake. Nilimwogopa trafiki, nikajificha ndani ya neno undugu.

Nasema na nafsi yangu kwanza, kisha na wewe. Tumezoea mno! Umekopa kwa mama wa kwaya, leo mwezi wa tano, akikuuliza unamwambia "tuvumiliane, mpendwa." Umemkodisha mwenzako shamba bila karatasi, mahindi yakikubali unapandisha bei, na yeye akilalamika unamwambia hana upendo. Kwa mwenye duka asiyesali nasi mbona tunalipa mapema? Undugu tumeufanya kiti cha kumkalishia anayetudai. Hesabu 5:7 haina kona: ungama, rudisha kamili, ongeza sehemu ya tano. Zakayo yeye alifika mara nne, wala hakuna aliyemfuata na karatasi ya fundi.

Alhamisi nikamwendea mzee. Habari ya bima nikaitanguliza, ya buti baadaye. Akanyamaza, kisha akacheka kidogo: "Kumbe ndiyo maana ulining'ang'ania mkono."

Tukaenda wote kwa fundi mwingine, Soweto. Fundi akapitisha kidole kwenye buti palipobonyea, rangi ikabanduka, chini yake kutu nyekundu. "Hii ya siku nyingi, wazee." Mzee akatazama viatu vyake. Sikusema neno, na hilo ni neema tupu, maana ulimi ulikuwa umeshajipanga.

Taa, bampa na ufundi vikawa 210,000. Nikaongeza 42,000, ile sehemu ya tano. Mzee alitaka kuikataa, nikamsihi. Nimeshalipa 150,000. Safari hii tumeandikiana, fundi akawa shahidi. Bima nimekata jana. Hiyo 102,000 iliyobaki inangoja viazi vyangu vya Isyonje, kwa hiyo mniombee bei isiporomoke kabla sijavifikisha sokoni.