Kisanduku cha mama yake Bibi

Juzi binti yangu alirudi na kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo. Visanduku vya chini tulivijaza mara moja, vya kati tukasaidiana na baba yake, mpaka tukafika kwa mama yake Bibi. "Aliitwa nani?" Niliinua penseli, nikairudisha mezani.

Nikakumbuka jioni ile pale Chuno, Mtwara, msimu wa korosho, Bibi angali hai. Rafiki alikuwa ameniwekea kwenye flashi filamu ya Radu Mihaileanu ya mwaka 2005, Va, vis et deviens. Nilidhani nitaiangalia peke yangu, lakini Bibi alisogeza mkeka na ungo wake wa korosho, akaniambia nimtafsirie.

Inaanzia kambini Sudan, mwaka 1984, Israeli ikiwasafirisha kwa siri Wayahudi wa Ethiopia. Mama mmoja Mkristo anamlazimisha mwanawe wa miaka tisa aende nao, maana kubaki ni kufa. Mwanamke aliyefiwa na mtoto wake anampokea na kumkaririsha: jina lako sasa ni hili, baba yako ni fulani, usikosee.

"Isimamishe," Bibi akasema.

Uso wa yule mtoto ukaganda kwenye kioo. Bibi aliusogelea, vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho vikiwa hewani, kama anayetaka kuugusa na anaogopa kuuchafua. Alikaa hivyo muda mrefu. Nje watu walipita wakisalimiana, yeye hata hakugeuka.

"Na mimi nilikaririshwa."

Kwamba alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kuja Tanzania akiwa mdogo, wakati wapigania uhuru wa FRELIMO walipokuwa vitani na Wareno, nilijua. Haya mengine sikuwahi kuyasikia. Mtumbwi ulijaa. Mama yake, mwenye kichanga mgongoni, alimkabidhi kwa jirani, akabaki ukingoni. Walipofika katikati ya maji yule jirani akamnong'oneza: "Ukiulizwa, mama yako ni mimi." Ndivyo alivyoandikishwa Rutamba, kwenye makazi ya wakimbizi, na ndivyo ilivyobaki katika kila karatasi yake.

"Hukurudi kumtafuta, Bibi? Mwaka 1975 Msumbiji ilipopata uhuru, wengi walirudi."

"Ningeulizia jina gani, mjukuu wangu? Mimi nilikuwa namwita mama."

Tuliendelea kuangalia. Kuna mahali mtoto anaogeshwa, anaona maji yanapotelea kwenye tundu la sakafuni, anahangaika kuyazuia. Sijaona filamu iliyoeleza ukimbizi vizuri kuliko hapo. Baadaye inakimbia mno, shule, mapenzi, udaktari, miaka mingi imebanwa. Mwishoni kijana, sasa daktari, anamkuta mama yake kambini Sudan, na mama anapiga ukelele mrefu. Mwisho huo niliuona rahisi mno, hadi nilipomtazama Bibi.

"Amemkuta," alisema. Akavuta ungo wake.

Binti yangu anashauri tuandike jina la yule jirani, kwa sababu ndilo lililo kwenye karatasi. Huenda yuko sahihi. Yule mama ndiye aliyemlea Bibi, akamwoza, akamzikia mtoto wake wa kwanza. Lakini yule aliyebaki ukingoni na kichanga mgongoni tutamweka wapi? Daftari linakusanywa Jumatatu.