Nilivyoanza kulala tena

Aliyenishauri nioe ili "mambo yatulie" alinipotezea miaka 2. Nilibaki kidogo tu nimtolee mahari binti wa watu ambaye hakujua lolote. Ushauri huo bado unaniuma.

Mimi ni mwanamume ninayependa wanaume. Hilo si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lililitoa kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, kabla sijazaliwa. Kilichoninyima usingizi ni gwaride la Ijumaa. Nikiwa darasa la nne, mwalimu alinitoa mstarini akaniamuru nitembee "kama mwanamume" mbele ya shule nzima, nirudie, nirudie tena, fimbo ikinifuata miguuni. Nyumbani nilipoeleza, nikaongezwa. Miaka 20 baadaye, nikivuka barabara pale Kondele, hapa Kisumu, bado nilikuwa nahesabu hatua zangu.

Nilijaribu makesha. Usiku 3 bila kula, watu wamenishika kichwa wakikemea pepo. Nilitoka nikiamini kwamba hata Mungu amenikataa. Ndipo nilipoanza kushinda Dunga, ufukweni mwa ziwa, nikiyatazama maji kwa nia mbaya.

Rafiki akanipeleka kwa mshauri nasaha. Nililipa kama mia tano hivi, na boda juu. Kabla ya kuketi nilimwuliza: utajaribu kunibadilisha? Utamwambia nani? Uliza hivyo hata ukionekana mkorofi. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachotumika kuharamisha ngono kati ya wanaume, bado kipo, Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa mwaka 2019, kwa hiyo siri si jambo dogo. Alinijibu vizuri, akanipa fomu ya kupima sonona, yenye maswali 9 kuhusu majuma 2 yaliyopita. Nikapata 19 kati ya 27; alama zikipanda, hali ni mbaya zaidi.

Lakini kusema kukanishinda. Vikao 2 nilikaa kimya. Cha tatu nikaanza kumsimulia habari za "mtoto mmoja wa kwetu": kaptura yake iliyopasuka, jinsi alivyojifunza kukaza magoti ili asicheze mwendo. Mshauri alielewa, akafuata humo humo. "Huyo mtoto alimwambia nani?" Nikamjibia. Nilimhurumia yule mtoto kuliko nilivyowahi kujihurumia mimi. Kikao cha tano nikasema, "Akanichapa hapa," nikashika paja langu mwenyewe. Tukanyamaza sote. Kisha nikalia mpaka giza likaingia.

Fomu ya mwezi uliopita ilitoa 6. Mama bado sijamwambia. Jumamosi nilivuka Kondele nikiongea kwa simu, na nilipofika ng'ambo ndipo nikagundua kwamba sikuhesabu.