Nimelipishwa ili nimsikie mwanangu

Usiku wa kuamkia jana, saa tisa kamili, simu ililia mara moja nikaruka nikijua ni mtoto. Hakuwa mtoto. Ulikuwa ujumbe wa benki: nimekatwa ada ya mwezi ya kamera ya kumwangalia mtoto kwa simu. Kamera ambayo nilishailipia bei yake yote siku niliyoinunua. Kamera ambayo hii ni wiki ya sita imo kabatini, ndani ya boksi lake. Mtoto mwenyewe alikuwa hatua mbili kutoka nilipolala, anakoroma kidogo kwa mafua, na nilikuwa namsikia kwa masikio yangu.

Nyinyi mnaosoma mkiwa nyumbani, mimi nikiwa huku Ulaya, najua mnajiuliza kwa nini mtu anunue mashine ya kumsikilizia mtoto. Jibu mnalo wenyewe: hesabuni watu waliomo ndani ya nyumba yenu sasa hivi. Hapa tuko watatu, na wa tatu ana miezi mitano. Mume wangu akiingia zamu ya usiku tunabaki wawili. Jiko liko chini, chumba cha kulala juu, katikati kuna milango mizito ya kuzuia moto inayojifunga yenyewe. Nikishuka kuchemsha chupa zake anaweza kulia mpaka sauti imkauke na mimi nisijue. Alipokuwa na wiki tatu ilitokea. Nilipanda nikamkuta amelowa jasho na machozi, na siku ile nililia kuliko yeye.

Nilipomweleza Mama kwa simu aliuliza, "Kwa hiyo unamsikiliza mtoto kwa redio, mwanangu?" Nikamjibu, ndiyo Mama, kwa redio. Wala hakukosea. Kifaa kinachojulikana kuwa cha kwanza cha aina hii kilitoka kwa kampuni ya redio, Zenith ya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1930. Kiliitwa Radio Nurse, na aliyekibuni umbo ni mchongaji Isamu Noguchi. Mkuu wa kampuni, Eugene McDonald, alikuwa na binti mdogo, na Wamarekani walikuwa hawajasahau mtoto wa rubani Lindbergh aliyeibwa kitandani mwake mwaka 1932. Hofu ya mzazi ndiyo iliyoanzisha biashara hii, na ndiyo inayoiendesha hadi leo. Nami nilinunua nikiwa na hofu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa swali lenyewe. Nikiwa na mimba ya miezi minane niliiuliza akili mnemba, ile AI: kamera ya mtoto iliyo bora kuliko zote ni ipi? Ikajibu kwa sekunde chache, kwa lugha ya mtu mwenye uhakika. Majina matano, na la kwanza ikalisifia picha kali, kuona gizani, kurekodi usingizi, hata kufuatilia mtoto anavyopumua. Nikauliza kama kuna ada ya kila mwezi, ikasema si lazima. Niliiamini kwa sababu ilikuwa na adabu na haikuchoka na maswali yangu. Anayeishi ugenini ananielewa: mtu asiyechoka na maswali yako huku ni adimu, na ukimpata unamshika mkono hata kama hujui katokea wapi.

Kila ilichosema kilikuwa na ukweli ndani yake, na hapo ndipo nilipoumia. Ada si lazima: kweli, kama unataka kutazama picha ya wakati huo tu. Ukitaka ikuarifu mtoto akilia, au ikuonyeshe kilichotokea saa moja iliyopita, unalipa. Kulikuwa na miezi mitatu ya bure, kwa hiyo sikuona tofauti mapema. Tena nilidhani kuifuta programu kwenye simu ndiyo kuvunja mkataba. Sivyo. Programu inafutika, ada inabaki, mpaka uende mwenyewe kwenye akaunti yako uisimamishe. Kama unazo za namna hiyo kwenye simu yako, kaangalie leo.

Lakini ada naweza kuisamehe. Kuna jambo ambalo mimi sikuliuliza nayo haikulisema: kamera ile inaishi kwa intaneti. Mwezi wa tatu, jioni moja, nilikuwa chini napika, simu nimeiegemeza ukutani, mtoto namwona amelala chali, mikono juu, mzuri kama kawaida. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Nikafurahi, leo kalala vizuri. Kilichonishtua ni blanketi la kwenye kiti nyuma yake: jua lilikuwa limeshazama, ila kwenye simu mwanga wa jua bado ulikuwa juu ya blanketi. Picha ilikuwa imeganda. Nilipanda ngazi sijui kwa miguu ipi. Alikuwa analia, uso mwekundu, na kwenye simu niliyoishika bado alikuwa amelala.

Kimya cha mtoto aliyelala na kimya cha mashine iliyokatika vinafanana kabisa. Ndilo jambo pekee nililopaswa kulijua kabla ya kununua. Ubora wa picha ungekuja baadaye. Nilipaswa kuuliza: kifaa hiki kikipoteza mawasiliano, mimi nitajuaje?

Kesho yake nikakaa na maoni ya wanunuzi, mtoto mapajani. Ya nyota tano niliyapitia haraka; mengi yaliandikwa wiki ya kwanza, mengine mtoto hajazaliwa bado, na wengine wanasema waziwazi kwamba kifaa walipewa bure ili waandike. Mengine yanasomeka kama tangazo. Oktoba 2024 Marekani ilianza kutumia kanuni inayokataza maoni ya uongo, pamoja na yale yanayotungwa na akili mnemba, na hakuna serikali inayotunga kanuni kwa tatizo lisilokuwepo. Ya nyota moja nayo yana watu wenye hasira ya boksi kuchelewa. Walionifaa ni wa nyota tatu, walioishi na kitu miezi sita au mwaka, wanaokisifu panapostahili kisha wanakwambia kinapokuangusha. Mama mmoja wa mapacha alikuwa ameeleza kuganda kwa picha, neno kwa neno kama lilivyonipata. Tarehe yake ilikuwa mwaka mzima kabla sijanunua. Yule mama simjui, sitamjua, na aliketi usiku na watoto wawili akaandika aya tatu ili mtu kama mimi asipatwe. Mimi sikuzisoma. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya hela.

Sikuiacha akili mnemba, niliibadilishia kazi. Nilinakili maoni kama sitini ya vifaa vitatu nikaipa, nikaiambia isinichagulie: inipangie malalamiko kwa aina, nini hukatika, baada ya muda gani, mzazi alijuaje. Kazi hiyo iliifanya vizuri kuliko mimi. Kisha nikaieleza nyumba yangu ilivyo, ngazi, milango, ruta ya intaneti iliko, na kwamba mtoto analala chumbani kwetu kama chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinavyoshauri kwa miezi 6 ya kwanza angalau, kitanda chake peke yake. Jibu likawa jingine kabisa: huna haja ya kamera, unahitaji sauti tu mchana ukiwa chini, kwa kifaa cha redio ya DECT, mawimbi ya simu za nyumbani zisizo na waya, kisichogusa intaneti na chenye mlio wa kukujulisha kikitoka nje ya masafa. Hata hapo, kifaa kimoja ilichonitajia hakitengenezwi tena. Kwa hiyo kila sifa niliithibitisha kwenye kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji kabla ya kutoa kadi.

Kuna wakati karibu nichukue soksi ya kumvisha mtoto ili impime oksijeni mwilini. Ilikuwa usiku, nimechoka, na yale matangazo yanajua saa ya kukujia. Namshukuru muuguzi wetu aliyeniambia taratibu kwamba kwa mtoto mwenye afya njema chama hicho hicho cha madaktari hakishauri kutegemea vifaa vya nyumbani kupunguza vifo vya ghafla usingizini. Mwaka 2018 jarida la kitabibu JAMA lilichapisha majaribio ya vifaa viwili vya namna hiyo: kimoja kiligundua oksijeni kushuka lakini si kila mara, kingine hakikugundua kabisa. Mtoto alale chali, godoro gumu lililo bapa, kitandani pasiwe na mto wala blanketi. Hayo hayana ada. Mtoto mwenye tatizo la moyo au mapafu, daktari wake ndiye atakayetoa kifaa.

Na wewe unayejiandaa kuja huku na tumbo, au unayeletewa vitu na ndugu wa nchi nyingine, sikiliza. Dada yangu aliye Marekani alitaka kunitumia kifaa chake cha kumsikilizia mtoto, kizima kabisa, na ilinibidi nikikatae. DECT ya Ulaya inatumia megahezi 1880 hadi 1900, ya Marekani 1920 hadi 1930, kwa hiyo kifaa cha kule hakiruhusiwi kurusha mawimbi huku. Na umeme wa kule ni volti 120. Adapta isiyoandikwa kuwa inabeba hadi 240 utaiunguza siku ya kwanza. Nunua pale utakapoishi. Ukichagua chenye kamera ya intaneti, nenosiri lililokuja nacho libadilishe kabla hujakielekeza kwa mtoto. Uingereza tangu Aprili 2024 imepiga marufuku kuuza vifaa vyenye nenosiri moja rahisi kwa wote, lakini vya zamani bado vinazunguka mikononi mwa watu. Waya nao usikae karibu. Kule Marekani wanasema angalau futi 3 kutoka kitandani, karibu mita moja, kwa sababu watoto wameshanyongwa na nyaya hizi. Kamera yangu ya kwanza niliifunga juu ya kichwa chake kabisa ili picha itoke vizuri. Nikikumbuka natetemeka.

Kifaa cha sauti kilipofika sikusubiri usiku. Mume wangu alikaa juu akisoma gazeti kwa sauti karibu na kitanda kitupu, mimi nikashuka na kipokezi. Jikoni, namsikia. Bafuni maji yakiwa wazi, namsikia. Nikatoka nje mlango wa nyuma, nikapita banda la baiskeli, nikahesabu hatua kwenye baridi nimevaa kandambili. Hatua ya 61 sauti yake ikakatika katikati ya neno, na kabla sijavuta pumzi kipokezi kikalia kwa nguvu mkononi mwangu, taa nyekundu ikawaka. Nikarudi nyuma hatua moja, nikamsikia tena anasoma.