Neoni imeniumbua

Kazi ya wiki mbili imeyeyuka leo, jamani, na aliyenichongea ni gesi ya neoni.

Sampuli ni haidrati ya methani, yaani maji yaliyoganda yakanasa gesi ya methani, kutoka Hydrate Ridge, chini ya bahari nje ya pwani ya Oregon, Marekani. Ukiiona utadhani barafu ya friji, lakini itie kiberiti uone: inawaka! Ikianza kuyeyuka inachacharika kama mafuta ya kukaangia vitumbua. Mita moja ya ujazo hutoa gesi takriban mita 160 za ujazo.

Mimi lakini methani sina shida nayo. Natafuta gesi adimu zilizonaswa humo. Molekuli za maji hujipanga zikawa vizimba. Zenoni na kriptoni, atomi nene, huingia zikatulia. Heli na neoni ni dagaa kwenye wavu wa macho makubwa, hupenya zikaenda zao.

Sasa mashine inanionyesha neoni tele, na arigoni imepanda. Gesi hizo zimo hewani, kwa hiyo maana yake moja tu: hewa imeingia. Nikakagua mrija wa shaba nilikohifadhi gesi. Kibano cha upande mmoja kimelegea, kama robo mzunguko hivi. Nilikikaza mwenyewe, usiku, nina njaa.

Mama kapiga simu, nikamsimulia. "Sasa mwanangu, hewa si ya bure? Unalia nini?"

Nimecheka hadi basi. Kesho naanza na mrija wa pili. Ndio huo huo uliobaki.