Michango ya matunzo ya mama tuliipanga kwa msimu wa korosho

Mama yetu alipopatwa na kiharusi, karibu kila aliyefika Newala kutupa pole alituachia ushauri mmoja: watoto wote sita tutoe kiasi kilekile kila mwezi, ili pasiwe na wa kulaumiwa. Ushauri huo una sura ya haki, lakini mkulima wa korosho hana mshahara. Minada huanza Oktoba, malipo yanapitia chama cha msingi cha ushirika hadi benki, na baada ya hapo inakuja miezi mirefu ambayo hata fedha ya chumvi hutafutwa. Kati yetu wawili tu ndio wenye ajira, mmoja mwalimu na mwingine dereva.

Tulijaribu. Elfu ishirini kwa kila mmoja zilipatikana mwanzoni, kisha ahadi zikaanza, na baada ya ahadi simu zikawa hazipokelewi. Lililonikasirisha zaidi ni kusikia kwamba kaka yetu mkubwa, kwa aibu ya kudaiwa mbele ya wadogo zake, alikuwa amekwisha kuelewana na mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua kwa magendo nje ya minada, amuuzie korosho zikiwa bado maua mtini, kwa bei ambayo msimuni angeipata mara mbili au zaidi. Yaani mchango wa kumtunza mama ulikuwa unakwenda kumfilisi mtoto wake. Nilimfuata shambani siku hiyohiyo, na namshukuru Mungu kwamba fedha zilikuwa hazijapokelewa.

Ndipo nilipoomba kikao, naye mjomba, ambaye kwetu Wamakonde ndiye mwenye kauli katika ukoo, akakiongoza. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwomba dada anayeishi na mama aandike katika daftari la shule kila anachofanya na kila anachonunua, bila kuacha hata sabuni ya kipande. Kikaoni nililisoma daftari lote kwa sauti. Kumgeuza mama kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulalia. Kumnyoosha mkono na mguu wa kushoto kama walivyofundishwa hospitalini. Kufua shuka, na kwa hiyo kununua maji ya madumu, kwa sababu huku uwandani maji ni shida ya miaka yote. Kumlisha uji kijiko kwa kijiko akiwa ameketi wima, asije akapaliwa. Nilipomaliza nilimwomba kila mmoja achague kazi aifanye mwezi mzima. Kaka dereva, ambaye siku zote husema dada "yuko tu nyumbani", aliliomba daftari, akalisoma mwenyewe, kisha akasema yeye atamlipa dada kila mwezi na jina la dada lifutwe kwenye orodha ya wachangiaji.

Baada ya hapo mengine yalipangika. Wenye mshahara hutoa kila mwezi, wakulima hutoa mara moja malipo ya korosho yanapoingia, na asiye na fedha huleta kuni au hulala kwa mama siku ambazo dada anapumzika. Walikuwapo waliotaka tuuze shamba la mama. Nilikataa, na bado nasema kuuza mikorosho inayozaa ili kulipia matunzo ni kukata tawi ulilokalia. Mjukuu mmoja alikabidhiwa kupalilia na kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Huchukua sehemu ya mavuno, na korosho zinazobaki ni za mama.

Kuhusu matibabu, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya msamaha, ila fuatilieni mapema barua ya mtendaji na ofisi ya ustawi wa jamii, kwa maana mgonjwa akishazidiwa hakuna atakayekuwa na utulivu wa kuzunguka maofisini. Hata ukiwa na msamaha, dawa za presha zinaweza kukosekana dirishani mkalazimika kuzinunua dukani, kwa hiyo zitengeeni fedha. Nepi za watu wazima zilitumaliza, mpaka dada alipoanza kukunja khanga kuukuu juu ya karatasi ya nailoni, akiacha zile za dukani kwa siku za safari.

Kila msimu ukiisha tunatenga kwanza fedha ya gari la kwenda hospitali ya Ndanda au Mtwara mama akizidiwa. Anaitunza mjomba, na hakuna anayeruhusiwa kuikopa, hata mimi niliyeitisha kikao.